Nyama Isiyo na Mwenyewe

Nyamwaga,
11 Februari 2024

Baba Mkubwa Simioni,

Shikamoo. Mfikishie shikamoo yangu Mama Mkubwa Elieth pia. Huku ni wazima, isipokuwa mama, ambaye goti limeanza kumsumbua tena sasa wakati shamba linamhitaji. Ng'ombe mwekundu amezaa dume. Upepo umelaza migomba mitano nyuma ya nyumba, na baba anaizunguka kila asubuhi kama vile itasimama ikimwona. Shangazi Veronika anasema kama wewe umemsahau, yeye hajakusahau.

Naandika kwa sababu masikio yako hayapatani tena na simu. Nilipiga mwezi uliopita, ukauliza "Nani?", nikakujibu, ukanitakia Krismasi njema ukakata. Kwa hiyo barua hii nampa kondakta wa basi la Mugumu, naye ataiacha dukani kule mpaka apatikane bodaboda wa Issenye.

Mkataba wangu wa kupika kambini kule mbugani uliisha Desemba, nipo nyumbani. Kambini nilijifunza chakula cha Wameksiko. Unakaanga nyama ya ng'ombe ya kusaga pamoja na kitunguu, kitunguu saumu, nyanya, bizari nyembamba na pilipili. Unaiweka ndani ya kichapati kidogo cha mahindi, juu yake kabichi, parachichi na ndimu, unakikunja, unakula kwa mkono. Jina lake ni taco. Nilipolitamka mezani mama aliweka kijiko chini. "Gati, neno hilo hulisemi mbele ya baba yako." Tangu siku hiyo tunaiita mikunjo.

Shida yangu ni vile vichapati. Kambini tulikuwa na unga maalumu kutoka nje. Hapa nina dona ya kwetu. Nikiukanda kwa maji ya moto unashikamana vizuri, lakini nikikunja unapasuka katikati na nyama yote inamwangukia mtu mapajani. Wewe umesoma vitabu vingi. Hao watu hufanyaje? Nina sababu yangu ya kutaka nyama ya kusaga iliwe katika nyumba hii. Nitakuambia siku nyingine.

Sasa jambo lenyewe. Kuna kijana anaitwa Ezra, wa Sirari, ana duka la vifaa vya ujenzi. Watu wake wanataka kuleta ng'ombe wa mahari mwezi wa saba, baada ya mavuno. Baba amekubali yote. Nilipomuuliza nani atawapokea, alisema, "Mkubwa wa nyumba," akatoka nje. Mkubwa wa nyumba ni wewe. Kaka zangu walipooa ng'ombe walitoka, na mama anasema kutoka hakusubiri neno la mtu. Mimi ni binti pekee, hawa watakuwa wa kwanza kuingia, na kwetu hawavuki mlango wa zizi kabla mkubwa hajasema neno. Asiposema, sijaolewa.

Utakuja?

Mwanao,
Gati

*

Issenye,
3 Machi 2024

Mwanangu Gati,

Marahaba. Barua yako ilinifikia ikiwa na duara la kikombe cha chai juu ya bahasha, baada ya kukaa Mugumu kwa muda ambao mwenye duka hakuweza kuueleza. Elieth ni mzima. Tembo waliingia kwa jirani yetu wakala mihogo na kuacha nyayo za kutosha kuchotea maji. Mimi sina ugonjwa, ila sikai. Nikikaa nasimama, nikisimama natafuta pa kwenda, na nikifika naona sikuwa na shida huko. Elieth anasema natembea kama mtu aliyechelewa safari ya mwenzake.

Nije kwenye vichapati vyako. Mahindi tunayoyaita ya kwetu yalitoka kwao. Yalipotoka kwenda duniani zilisafiri punje, mapishi yakabaki nyumbani. Kule mahindi hayasagwi yakiwa makavu. Huchemshwa kwanza katika maji ya chokaa au ya majivu, hulazwa humo mpaka asubuhi, huoshwa huku yakisuguliwa mpaka maganda yatoke, ndipo husagwa yakiwa na unyevu wake. Kinachopatikana ni donge, si unga, na donge hilo halipasuki.

Chokaa ya kupaka ukuta usiiguse. Tumia majivu ya mti mgumu, yaliyochekechwa, yasiyo na mabaki ya plastiki. Mama yetu alilainisha kunde kwa maji ya majivu, na kanuni ni ile ile. Kusaga, tumia jiwe lake. Lilikuwa chini ya ghala, upande wa kulia, limelalia ubavu. Kama hakuna aliyelihamisha, lipo. Ukishapata donge, fanya vidonge vidogo kama yai la kanga, weka kati ya vipande viwili vya mfuko safi wa nailoni, kandamiza kwa sahani nzito.

Kuhusu mwezi wa saba, ni mbali, na barabara inayopitia Nyamongo siijui siku hizi ikoje. Ezra namtakia heri. Baba yako ana wazee wengi jirani. Wangwe yupo.

Mama yako akande goti kwa maji ya moto yenye chumvi.

Ni mimi,
Simioni

*

Nyamwaga,
2 Aprili 2024

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Jiwe lipo. Lilikuwa upande wa kushoto, lakini lipo. Mama amekanda goti kama ulivyosema, na anasema maji ni mazuri ila ushauri umechelewa miaka mingi.

Nimefanya majivu. Nilipokuwa nayaosha mahindi kisimani, Shangazi Veronika alisimama juu yangu mikono kiunoni.

"Unayaogesha kama mtoto mchanga, na mtoto mwenyewe hujazaa."

"Baba Mkubwa ndiye aliyenifundisha."

Aliteremsha mikono. Kisha akachukua beseni, akaanza kusugua pamoja nami.

Donge lilitoka lenye harufu ya mvua ya kwanza, na vichapati vilikunjika kama kitambaa. Ezra alikuwa amekuja Jumapili hiyo na ndimu kutoka Sirari. Shangazi akamvutia kigoda: "Mura, kaa hapa. Leo utakula chapati iliyokunjwa kama suruali." Ezra akamjibu, "Shangazi, kwetu hata suruali tunakula, mradi iwe na pilipili." Shangazi alicheka mpaka akashika mlango. Nafikiri amempenda.

Sasa nikuambie sababu yangu. Baba hana meno ya kutafunia. Magego yamekwisha yote. Akipewa nyama kwenye sherehe anaizungusha mdomoni, anaitema kwenye kiganja anapojifanya kukohoa, na mbwa wetu amenenepa kuliko mbwa wa bucha. Hataki ijulikane. Anaogopa ataanza kugawiwa supu pamoja na watoto. Mimi niligundua kwa sababu nilikuwa jikoni nahesabu mifupa na mbwa.

Siku ile ya mikunjo alikula minne. Alijifuta mdomo akaniuliza, "Hii nyama imetafunwa na nani?"

"Na mashine ya bucha, baba."

"Iambie ahsante."

Baba Mkubwa, hukunijibu kuhusu kuja. Ulinijibu kuhusu barabara. Barabara ni nzuri, mabasi yanapita. Nilimuuliza mama kuna nini kati yako na baba. Akasema, "Kaulize kidari." Nilidhani ananitania, lakini hakucheka. Kidari kina nini?

Mwanao,
Gati

*

Issenye,
5 Mei 2024

Mwanangu Gati,

Marahaba. Tu wazima. Mvua imetukata na Mugumu, ndiyo maana umesubiri. Naandika nimesimama, karatasi nimeiweka juu ya kabati la vyombo, kwa hiyo usishangae mwandiko.

Umeuliza, nami sina desturi ya kumnyima mwanafunzi jibu. Katika nyumba ya baba yetu nyama haikugawiwa kwa kufuata njaa. Mbavu zilikuwa na watu wake, paja lilikuwa na watu wake, utumbo ulikuwa na watu wake, na kidari cha ng'ombe wa msiba kilikuwa cha mtoto wa kwanza. Kwa kidari watu walimjua atakayeulizwa kwanza jambo lolote likitokea katika nyumba. Baba alipofariki, mwaka 1991, nilikuwa nafundisha mbali, na mito ilijaa. Nilifika watu wakiwa wamekwisha kukaa kugawiwa. Sinia la kidari lilipita mbele yangu, likawekwa mbele ya baba yako.

Vijana waliolibeba sikuwalaumu, walielekezwa. Wazee waliowaelekeza walikuwa na hoja yao: Heche, baba yako, ndiye aliyemuuguza mzee hadi mwisho. Hoja hiyo nayo siipingi. Nilimtazama baba yako, nikasubiri alirudishe sinia. Alinitazama pia. Kisha akachukua kisu, akakata.

Nyama yenyewe sikuitaka hata kwa dawa. Nilitaka nyumba ianzie kwangu, kwa kuwa ndivyo nilivyozaliwa. Niliondoka kabla ya chai, nikaomba uhamisho, nikapewa huku. Watu wa Nyamwaga husema Simioni alihama. Anayehama hubeba vitu vyake.

Kwa hiyo mwezi wa saba sitakuja. Neno la zizi aliseme Wangwe.

Pilipili za Wameksiko hukaushwa, kisha hukaangwa kidogo kwenye chuma kikavu bila mafuta kabla ya kusagwa. Jaribu. Elieth amepika ile mikunjo yako kwa nyama aliyoikatakata kwa kisu. Nilikula.

Simioni

*

Nyamwaga,
9 Juni 2024

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Mama, baba na Shangazi wote wazima. Mahindi ya chini yameanza kukauka, tutavuna kabla ya wageni. Pilipili nimezikaanga kama ulivyoagiza. Tumekohoa nyumba nzima, hata Wangwe alikohoa kwake.

Wangwe huyo huyo nilikwenda kumwomba aseme neno. Hakunikaribisha hata ndani. "Mimi? Niseme neno la nyumba ya mtu, na mwenyewe yu hai, anapalilia mihogo Issenye? Binti, nenda kamlete mwenye mdomo wake." Watu wa Ezra nao wameuliza. Wanasema ng'ombe wataletwa, lakini kama hakuna wa kuwapokea, wao hawatajua wameleta wapi.

Nimewaza sana, na nimepata njia. Siku hiyo hakutakuwa na kidari.

Ezra ameninunulia ng'ambo ya mpaka mashine ya mkono ya kusagia nyama, ya kufungwa ukingoni mwa meza. Dume litakalochinjwa litapita tundu moja lote: mbavu, paja, shingo, kidari, nundu. Nitapika mikunjo. Kila mtu atapewa ile ile, mzee na kijana, mgeni na mwenyeji. Hakuna sinia litakalopita mbele ya mtu likienda kwa mtu mwingine. Utakula ulichokula kwako, na baba atakula bila kukohoa.

Nilipomweleza, baba alifumba macho mpaka nikadhani amesinzia. Kisha akauliza, "Na Kaka anakula hivyo vitu?"

"Mama Mkubwa amempikia. Alikula."

"Basi," akasema.

Siku yenyewe ni Jumamosi ya tarehe 13 Julai. Baba Mkubwa, mimi sikuwepo mwaka 1991. Sikuwa nimezaliwa. Lakini ni mimi nitakayebaki nje ya mlango.

Mwanao,
Gati

*

Issenye,
30 Juni 2024

Mwanangu Gati,

Marahaba. Tu wazima. Tembo hawajarudi.

Mpango wako una akili na una kosa. Nyama iliyogawiwa inamwambia kila mtu mahali pake. Nyama uliyoichanganya haina mwenyewe, na aliyekosa fungu hajui akae upande gani. Unadhani umeondoa ugomvi. Umeondoa na kiti.

Hata hivyo mimi nimekaa bila fungu muda mrefu kuliko umri wako. Pengine siku hiyo nitajiona mwenyeji kuliko wengine wote.

Elieth amenipangia begi. Nimelipangua. Amelipanga tena na kulikalia. Basi likipita nitafika asubuhi. Nitakaa karibu na mlango.

Simioni

*

Nyamwaga,
21 Julai 2024

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Wiki moja nzima nimeandika na kuchana. Mama na Shangazi wanakusalimu. Baba hajasema nikusalimu, lakini amekaa hapa tangu nilipochukua kalamu, na haondoki.

Naanza na yale uliyoyaona. Ulifika na koti lako la kijivu. Shangazi alikushika mkono akakataa kuuachia mpaka ukala kwa mkono mmoja. Ng'ombe walikuwa wamezuiwa kwa Wangwe wakingoja neno lako. Ulikula mikunjo mitatu, na niliona unalamba kidole. Watu wa Sirari walikuwa bado wanauliza hiki ni chakula au ni kionjo. Ndipo baba akainuka, akaingia stoo. Akakaa humo. Akatoka, akaja mpaka mbele yako, akasimama mikono mitupu, mdomo wazi, watu wote wakitazama. Kisha akageuka, akarudi kukaa kwenye kiti chake. Ukachukua kofia yako. Nilikukimbilia mpaka barabarani, ukaniambia, "Mwambie nimemwona. Amenipitia tena," ukapanda bodaboda.

Sasa yale usiyoyaona, na mimi pia sikuyaona.

Asubuhi ile, dume lilipochunwa, baba aliwaambia wachinjaji wakitoe kidari kizima, kisikatwe. Alikitundika mwenyewe nyuma ya mlango wa stoo na kukifunika kwa jani la mgomba. Hakumwambia mtu. Hata mama. Alitaka tukishakula sote ile iliyosawazishwa, akilete mbele ya wageni, akiweke mbele yako.

Mimi niliingia stoo kuchukua chumvi. Nikaona nyama. Nilidhani wachinjaji wameisahau, na nikafurahi, kwa sababu nyama tuliyokuwa tunasaga ilikuwa kavu na kidari kina mafuta.

Ulipoondoka baba alinifuata jikoni.

"Ile nyama niliyoitundika nyuma ya mlango iko wapi?"

"Ipi, baba?"

"Kidari."

"Nilidhani kimesahauliwa. Nimekisaga."

"Chote?"

"Chote, baba."

Alitazama beseni. Lilikuwa tupu, limebaki na mafuta pembeni.

"Kumbe tumekila wote," akasema. Akatoka kwenda zizini kuwatazama ng'ombe, na zizini hakukuwa na ng'ombe.

Bado wako kwa Wangwe. Watu wa Ezra wamekataa kuwarudisha, wanasema ni mkosi. Wangwe anasema majani yake siyo ya serikali. Ezra anakuja kila Jumapili, anakaa nje, kwa sababu hajui yeye ni mkwe au ni mpita njia. Baba anakwenda zizini asubuhi, anafungua mlango, anaufunga.

Kosa ni la mashine yangu, siyo lake. Njoo useme neno. Au uandike tu, nitalisoma mbele ya watu.

Mwanao,
Gati

*

Nyamwaga,
25 Agosti 2024

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Kondakta anaapa kwamba barua ya Julai aliifikisha. Wewe umenyamaza, nami sitauliza kwa nini.

Ila limezuka jambo. Ng'ombe mmoja wa mahari amezaa huko huko kwa Wangwe, jike lenye paji jeupe. Mjomba wake Ezra anasema ndama ni wao, kwa kuwa mahari haijapokewa. Wangwe anasema amezaliwa katika zizi lake na amekula usingizi wake. Shangazi anasema ni wetu. Jana walipigiana kelele mpaka mjomba akasema labda wachukue ng'ombe wote warudi nao Sirari, mambo yaishe.

Hakuna anayejua sheria yake. Baba aliulizwa. Alisema, "Aulizwe mkubwa."

Gati

*

Nyamwaga,
17 Novemba 2024

Mwanangu Gati,

Salamu kwako huko Sirari, na kwa mume wako, na kwa mama mkwe wako, ambaye natumaini ameacha kuweka sukari katika kabichi ya mikunjo. Huku mama yako ni mzima na goti lake limetulia. Veronika anakuja kila siku, anadai ana shughuli upande huu.

Unauliza katika barua yako tuliambiana nini, mimi na baba yako, siku ile niliposhuka basi nawe ulikuwa mnadani. Naona umekaa na swali hilo tangu harusi. Nitakujibu kwa usahihi. Baba yako alikuwa anafunga mti wa uzio. Nikasema, "Nimekuja kwa ajili ya ndama." Akasema, "Yuko kwa Wangwe." Akaacha kamba pale pale, tukaenda kwa Wangwe. Njiani hatukusema kitu. Yeye alitangulia kwenye matope, mimi nikatangulia penye majani, kwa sababu macho yake ni mabaya kwenye umande na yangu kwenye utelezi.

Ndama nilimpa Wangwe, kwa majani aliyowalisha ng'ombe wa watu wakati watu wanaona haya. Mjomba wa Ezra alinuna, lakini hakuwa na hoja. Neno la zizi ulilisikia mwenyewe, kwa kuwa ulifika mbio na kapu kichwani, na nyanya zikidondoka nyuma yako. Yaliyobaki unayajua.

Usiloweza kujua ni kwamba sijaondoka tangu mlipokwenda. Nilikuja na shati moja la kubadili. Wiki ya pili kondakta aliniletea mfuko kutoka kwa Elieth: mashati, miwani, na viatu vya shamba. Hakuandika kitu. Nimeelewa. Anakuja mwezi ujao kuona kama nimekonda.

Mashine uliyotuachia tumeifunga ukingoni mwa meza. Baba yako anazungusha mkono wake, mimi natia nyama. Anasema nakata vipande vya mtu mvivu. Mimi nasema anazungusha kama anavuta maji kisimani. Majivu anataka kuyachekecha kwa chandarua kilichochakaa, nami nimekataa, maana chandarua kina dawa. Tulibishana juu ya hilo tangu chai mpaka mchana, kwa sauti, mpaka mama yako akatoka: "Wazee wawili, sufuria moja, na anayeosha ni mimi. Sageni au mnyamaze." Tukasaga. Bizari alizidisha yeye.

Kuhusu mwaka 1991 hajasema neno. Mara mbili au tatu nimeona linamfikia mdomoni. Anageuka, ananiuliza kama chumvi imetosha. Namwambia imetosha. Mimi pia sijamuuliza, na sikudhani ningeweza kukaa na mtu hivyo. Kukaa kwenyewe bado sikuwezi sana. Alfajiri naamka, nazunguka mipaka ya shamba, nagusa miti ambayo niliiacha miche. Nikirudi namkuta amesimama uani anatazama nilikoelekea, na mara tu anaponiona anajifanya anaangalia mawingu.

Juzi walikuja vijana wawili na pikipiki, wauza dawa ya kupe. Sisi tulikuwa barazani. Wakamwendea baba yako, kama ilivyo haki, maana zizi ni lake na ng'ombe ni wake, wakampa shikamoo na kuanza kufungua begi. Baba yako hakuitikia. Alinyoosha mkono akawaonyesha nilipo.

"Mkubwa wa nyumba ni yule. Anzeni kwake."

Wale vijana walisogea, wakanisalimia upya, wakanitolea chupa zao zote na kunieleza habari za kupe toka mwanzo: wanavyozaliana, wanavyojificha sikioni, kipimo cha dawa kwa ndoo ya maji. Sehemu kubwa sikuisikia. Niliwaacha wamalize. Sina ng'ombe hata mmoja, Gati. Nikanunua chupa mbili.

Baba yako Mkubwa,
Simioni